Ajvar Iliyokataliwa Mara Mbili

Mwezi wa Septemba ukifika, mume wangu Momir huwa hana mke wala mama. Mimi na mama mkwe wangu, Ljubinka, tuko uani tunachoma pilipili hoho, asubuhi mpaka jioni. Moshi unatuingia machoni. Mikono yetu inakuwa myekundu mpaka viwikoni. Momir anajikaangia mayai mwenyewe.

"Leo tena mayai?" huuliza.

"Shukuru kuku bado wanakupenda," mama yake humjibu.

Hapa kijijini kwetu Jasenik kila nyumba hufanya hivyo. Hoho nyekundu zinachomwa, zinamenywa, zinasagwa. Kisha zinapikwa polepole kwa mafuta na chumvi mpaka ziwe ajvar nzito ya kupaka kwenye mkate. Tunaijaza kwenye chupa za kioo, tunafunga vifuniko, tunazipanga katika ghala la chini ya nyumba. Baada ya hapo ni matango ya siki, jamu ya plamu na pipa la kabichi. Theluji ikianguka, hatuendi dukani ila kununua chumvi na kahawa.

Mwaka ule chupa zilikuwa mia na sitini. Mama mkwe alizihesabu kwa kuzigusa moja moja, kama anayewaaga watoto wakienda shule.

Nimeolewa katika nyumba hii miaka kumi. Nawaambieni ukweli, miaka miwili ya kwanza sikuruhusiwa hata kukoroga. Mwiko ulikuwa wake. Kazi yangu ilikuwa kumenya na kunyamaza. Kumenya nilikuwa najua. Kunyamaza nilijifunza kwa taabu.

Tuna binti mmoja, Dunja, wa miaka sita. Dunja hali ngano. Si maringo. Ana ugonjwa unaoitwa siliaki. Akila mkate, hata makombo tu, utumbo wake unaumia. Anatapika, anaharisha, na ukimwachia aendelee hakui. Daktari alisema hakuna kidonge cha ugonjwa huo. Dawa ni kutokula ngano wala shayiri maisha yake yote.

Siku tuliyoambiwa hivyo, mama mkwe alinawa unga mikononi. Yeye amekanda mkate miaka arobaini. Kesho yake alikwenda mjini akarudi na sufuria mpya. Akaiweka juu kabisa kwenye rafu.

"Hii ni ya mjukuu wangu," alisema. "Atakayeigusa na mkono wenye unga, nitamkata huo mkono."

Ndiyo namna yake ya kupenda. Ukiizoea, ni nzuri.

Sasa, mwishoni mwa Septemba ile, gari dogo lilisimama mbele ya lango letu. Akashuka mama mmoja mnene, miwani kichwani, daftari kwapani. Alikuwa Zagorka. Zamani alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda mjini. Baada ya kustaafu alianza kujitolea katika benki ya chakula.

"Benki ya chakula?" mama mkwe akauliza. "Siku hizi na kabichi inawekwa benki?"

Zagorka akacheka. Alikaa kwenye kigoda, akapewa kahawa, akaeleza.

"Tunakusanya chakula kizuri ambacho kingetupwa. Kiwanda kikibandika lebo upande, chakula hakiuziki dukani, lakini kilichomo ni kizima. Tunakichukua. Siku za kawaida tunawapelekea wenye shida. Lakini tunajiandaa pia kwa siku mbaya. Mto wenu mnaujua."

"Tunaujua," nikasema.

"Maji yakija, maduka yanafungwa. Barabara zinakatika. Umeme unazimwa, majiko yanakufa. Ukianza kutafuta chakula siku hiyo, umeshachelewa. Kwa hiyo tuna ghala kilimani, maji hayafiki. Tumeshaelewana na wenye malori na waoka mikate. Kilichobaki ni kuwajua watu. Ndiyo maana napita nyumba kwa nyumba. Nataka kujua nani hana meno, nani ana kisukari, nani ana mtoto wa maziwa ya kopo. Ili siku ikifika, kila mtu apate chakula anachoweza kula."

Nilimwona mama mkwe ameguswa. Aliinuka, akashuka ghalani. Alirudi na kreti yenye chupa kumi na mbili za ajvar. Zilikuwa zile bora, za hoho za kwanza. Akaziweka miguuni pa Zagorka.

"Za benki yako," alisema.

Zagorka alizitazama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, ahsante sana. Ila hatuwezi kupokea vyakula vilivyopikwa nyumbani. Ndio utaratibu. Lazima kiwe na lebo: kimo nini ndani, kimetengenezwa lini, kinaisha lini."

Jamani! Mimi niliacha kukoroga. Hata paka alitoka uani.

"Umesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Ni utaratibu tu, mama."

"Miaka arobaini nalisha watu kwa mikono hii. Padri amekula. Daktari wa wilaya amekula, akaomba nyingine ya kubeba. Kuna aliyekufa?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Haya, chukua kalamu yako uandike: nyumba ya Ljubinka haihitaji kitu cha mtu."

Zagorka alipumua. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwanangu? Hakuna mtu hapa mwenye chakula chake maalumu?"

Dunja alikuwa palepale, chini ya mti wa plamu, anamvisha mwanasesere wake shati. Mdomo wangu ulifunguka. Mama mkwe akanitazama. Mimi nami, kwa kuogopa ugomvi wa wiki nzima, nikaufunga.

"Hakuna," nikasema.

Neno dogo hilo. Nimelijutia kuliko maneno yote niliyowahi kusema kwa hasira.

Wiki ya pili ya Novemba ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi, Jumatatu asubuhi, king'ora kililia. Askari walifika na mashua mpaka kwenye ngazi za nyumba. Walituambia tuchukue vitambulisho, dawa na nguo za joto. Mama mkwe alishika mkoba wa hati, mimi nikambeba Dunja. Chakula hatukukumbuka. Ghala lilikuwa limeshajaa maji, na tulipogeuka nyuma maji yalikuwa madirishani.

Momir alibaki na wanaume wengine kuweka magunia ya mchanga. Sisi tulipelekwa mjini, katika ukumbi wa michezo wa shule. Tulikuwa watu mia mbili, kila familia na godoro lake.

Na Zagorka alikuwepo. Alikuwa amefika kabla yetu. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani: samaki wa kopo, biskuti, mikate, maji ya kunywa. Vyote vya kula bila kupika, maana pa kupikia hapakuwepo. Ameshika daftari, anaita majina.

"Mzee Sreten! Wewe ndiye usiye na meno?"

"Ninalo moja," mzee Sreten akajibu, "lakini limekataa kazi."

Akapewa supu ya boksi na uji wa matunda. Dada mmoja wa mtaa wa chini akapewa maziwa ya kopo ya mwanawe, aina ileile anayotumia. Hakuwa hata ameomba. Alikuwa ameandikwa tangu Septemba.

Nami nilisimama na boksi langu. Mkate. Biskuti. Keki. Nilitazama chini kabisa, labda kuna kitu. Kulikuwa na samaki wa kopo na matofaa mawili. Nilimpa Dunja hivyo. Nilimkwepa Zagorka. Kila alipopita upande wetu, nilijifanya nakunja blanketi. Nilimwambia hakuna, sasa ningemwambia nini? Aibu ni kitu cha ajabu. Mtoto wako ana njaa, na wewe bado unalinda heshima yako.

Jumanne Dunja akauliza, "Mama, chakula changu mimi kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Kinakuja na mashua?"

"Ndiyo, mwanangu."

Alikwenda dirishani kuangalia mashua.

Jumatano wanawake wa mjini walileta jiko la gesi na sufuria kubwa, wakapika maharagwe. Harufu ilijaa ukumbini. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya mablanketi. Mama mkwe aliiona sufuria, akachukua bakuli, akamwita mjukuu wake. Maharagwe si mkate. Dunja alikula bakuli zima, akaomba tena, akaongezwa.

Jioni ile alianza kutapika. Tumbo lilimkaza. Alilia bila sauti, kama wanavyolia watoto waliochoka. Nesi alimpa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mimi nilikwenda kwa wapishi.

"Mlitia nini kwenye maharagwe?"

"Maharagwe, vitunguu, pilipili ya unga," mmoja akajibu. "Na unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta, kijiko kimoja viwili. Sasa bila unga yangekuwa mazito vipi?"

Sikuweza kumlaumu. Kila mwanamke hapa kwetu hupika hivyo. Mama mkwe mwenyewe hupika hivyo tangu ujana wake. Ni sufuria ya Dunja tu asiyoitia unga.

Nilipomwambia, alikaa juu ya godoro, mikono mapajani.

"Niliyaona mazito, Verica," alisema. "Kwa macho yangu niliyaona. Nikadhani yameiva vizuri."

"Hukujua, mama."

"Mimi? Mimi nisijue sufuria ya maharagwe?"

Usiku huo na siku iliyofuata Dunja hakutaka kula chochote. Hata tofaa alilisukuma. "Litaniuma," alisema. Na sisi tulianza kuogopa kila kilichomo kwenye sahani.

Ijumaa asubuhi niliamka nikakuta godoro la mama mkwe tupu. Nilimtafuta chooni, uwanjani, getini. Hayupo. Saa nne trekta likasimama mlangoni. Akashuka Momir, tope mpaka kiunoni, uso umemwiva kwa aibu. Nyuma yake akashuka mama yake, naye tope tupu, ameshika kreti.

"Usiniulize," Momir akaniambia. "Alikuja kwa miguu mpaka kwenye magunia. Alisema nisipompeleka, atakwenda kwa kuogelea."

"Maji yamepungua," mama mkwe akasema. "Zile za rafu ya juu nimezifikia."

Akaketi mbele ya Dunja. Akatoa chupa ya ajvar. Akaifuta kwa aproni, akamimina rakija, pombe yetu kali ya plamu, juu ya kifuniko, akafuta tena, akaifungua.

"Hii naijua," alimwambia mtoto. "Hii nimepika mimi. Hoho, mafuta, chumvi, basi. Haina unga hata chembe. Hii haitakuuma, roho yangu. Bibi anakuapia."

Dunja akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, alitaka kula. Na nani aliyeshika kijiko? Mimi. Sitajifanya mjanja hapa. Ningempa.

"Verica! Usimpe!"

Zagorka alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa pili wa ukumbi, na si mwanamke wa mbio. Alinishika mkono. Kijiko kikaanguka.

Mama mkwe aliinuka polepole.

"Mara ya pili," alisema. "Mara ya pili unakikataa chakula changu. Na safari hii mbele ya mjukuu wangu mwenye njaa."

Nilijua sasa dunia itapasuka. Lakini Zagorka hakupandisha sauti. Alishuka, akakaa sakafuni, pale penye tope lililotoka kwenye viatu vyetu.

"Kaa, mama," alisema. "Mara ya kwanza niliongea kama karani. Uliniletea kitu kizuri kuliko vyote ulivyo navyo, nami nikakusomea utaratibu. Nisamehe. Sasa kaa, nikuonyeshe kitu."

Mama mkwe hakukaa. Lakini hakuondoka.

Zagorka alichukua chupa nyingine iliyofungwa. Akaifungua, akageuza kifuniko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama hapa, kwenye mikunjo ya kifuniko."

Kulikuwa na mstari mwembamba wa kahawia. Ulizunguka kifuniko kizima.

"Ni tope," Zagorka akasema. "Chupa imekaa siku nne chini ya maji. Maji ya mafuriko si maji ya mto tu. Yamepita vyooni. Yamepita kwenye mazizi, kwenye mapipa ya dizeli, kwenye maghala ya dawa za shamba. Kifuniko cha nyumbani hakizibi kama kopo la kiwandani. Yanapenya pasipoonekana."

"Nitaichemsha."

"Vijidudu vingine utaviua. Dizeli hutaichemsha ikatoka. Dawa ya wadudu hutaichemsha ikatoka. Na mtoto huyu, nesi ameniambia, tumbo lake limeshaumia."

Mama mkwe alikichukua kile kifuniko. Alikisogeza karibu na macho yake. Akapitisha ukucha kwenye mkunjo, ukucha ukatoka na tope. Alichukua chupa ya tatu, akafungua mwenyewe. Akageuza kifuniko. Ya nne. Ilikuwa vilevile.

"Mia na sitini," alisema.

Kisha akalia. Miaka kumi sijawahi kumwona analia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu mia mbili, na Zagorka hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono tu. Mimi nilimshika mwingine.

Alipotulia, Zagorka akamtazama Dunja.

"Mtoto ana nini? Mbona hali mkate?"

"Ana siliaki," nikasema. Mwisho wake nikasema.

Zagorka alifungua daftari, akapekua. "Siliaki ninao wawili. Maboksi yao yamefika siku ya kwanza. Huyu mbona hayumo?"

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Nilikufukuza."

"Hapana, mama," nikasema. "Aliniuliza mimi. Mimi ndiye niliyejibu hakuna."

"Ulijibu kwa kuniogopa."

"Bado ni mimi niliyejibu."

"Basi, basi," Zagorka akasema. "Mkimaliza kugombania kosa, mtaniambia jina la mtoto."

Aliandika. Akatoa simu, akapiga kilimani. Lile ghala huweka boksi moja la ziada la kila aina, kwa sababu siku zote kuna mtu aliyesahaulika. Barabara ya darajani ilikuwa imefungwa, lakini mashua ya zimamoto ingepita saa nane.

"Mpaka lifike, tumchemshie viazi," alisema. "Mama, njoo unisaidie. Nataka sufuria isiyo na hata chembe ya unga, na sijui mtu atakayeisugua vizuri kuliko wewe."

Waliisugua wote wawili. Maji ya moto na sabuni, mara tatu. Kisu chake, kijiko chake, sahani yake. Dunja alikula viazi vitatu kwa chumvi. Baada ya kila kimoja tulimtazama kama wanaosubiri kengele. Hakuna kilichotokea. Alilala, mkono juu ya goti la bibi yake.

Saa nane na nusu boksi lilifika. Mchele, unga wa mahindi, mahindi ya kopo, biskuti, jibini. Kila pakiti ilikuwa na alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari. Mama mkwe alivaa miwani, akasoma pakiti zote, neno kwa neno, mpaka maandishi ya chini kabisa.

"Unga wa mahindi nao mpaka uandikwe?" akauliza. "Mahindi si mahindi?"

"Kinu kikisaga ngano asubuhi na mahindi mchana, kuna chembe zinazobaki," Zagorka akajibu. "Huu umesagwa kwenye kinu chake."

Mama mkwe akaiweka pakiti chini.

"Kwa hiyo ndiyo maana ya lebo."

"Ndiyo maana. Mgeni akifungua chupa yako, hawezi kukuuliza umetia nini."

"Na mimi nilichota kwenye sufuria ya wageni, sikuuliza," mama mkwe akasema. Jioni ile Dunja alikula ugali wa mahindi kwa jibini, akajilamba vidole.

Maji yalikaa siku kumi na moja. Tuliporudi, ukuta ulikuwa na mstari wa tope juu ya kichwa changu. Lori la manispaa lilipita kuchukua vilivyoharibika. Mama mkwe hakukubali tumsaidie. Alizitoa chupa zake ghalani, moja moja, akaziweka lorini mwenyewe. Makopo machache ya dukani ambayo hayakuwa na tundu wala kubonyea tuliyaokoa. Zagorka alitufundisha: toa karatasi, osha kwa sabuni, loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini, suuza, kausha, kisha andika kwa kalamu nzito kilichomo. Samaki. Nyanya. Chakula cha paka. Hapo ndipo kuandika kunakuwa muhimu, muulizeni Momir.

Mimi nilidhani benki ya chakula ni ya siku za mashua tu. Kumbe kazi kubwa ni baadaye. Waandishi wa habari wakishaondoka, njaa bado ipo. Shamba limefunikwa na tope, kiwanda cha mbao alichofanyia kazi Momir kimefungwa mpaka masika, ghala ni tupu. Kila Alhamisi gari la Zagorka lilikuja. Mwanzoni lilileta vya kula bila kupika. Tulipopata jiko, likaanza kuleta mchele, mafuta, maharagwe makavu na sabuni ya kusafishia nyumba. Boksi la Dunja lilikuwa peke yake, jina lake juu. Machi walileta miche ya hoho na nyanya.

"Na nyie vyote hivi mnavitoa wapi?" nilimuuliza Zagorka. "Hamuishiwi?"

"Tungeishiwa wiki ya kwanza. Benki za miji mingine zimetuletea malori. Wao wakipata janga, sisi tunapeleka. Wanatuuliza kwanza kinachotakiwa, ndipo wanapakia." Akacheka. "Si kama wale wengine. Jana tumepokea maziwa yaliyoganda na katoni nzima ya viatu vya harusi. Vya kisigino kirefu. Vya kuvaa kwenye tope."

Februari, mama mkwe alipanda basi akaenda mjini bila kutuaga. Tulijua baadaye. Aliingia ofisini kwa Zagorka, akasimama mbele ya meza.

"Nipe daftari," alisema.

"Daftari gani, mama?"

"Lile la kuuliza watu. Wewe unauliza kwa adabu sana. Watu wanakudanganya."

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepita vijijini, mimi namwendesha kwa gari la benki. Nawaambieni, hakuna mlango unaomshinda. Haulizi kama kuna mwenye mahitaji maalumu, maana kila mtu atasema hakuna. Anauliza, "Nani hapa hali pamoja na wengine?" Anauliza, "Dawa hizi dirishani ni za nani?" Mtu akisema nyumba yake haihitaji kitu, anavuta kiti.

"Nami nilisema hivyo," anamwambia. "Kaa, nikusimulie." Na anasimulia yote, mpaka kulia kwake. Haoni haya. Akimaliza, watu wanataja majina.

Mei ilipofika, mto ulivunja kingo upande wa Brestik, kijiji cha chini yetu. Saa mbili asubuhi tulipigiwa simu. Saa nne gari lilikuwa limeshapakiwa na tulikuwa tumeshafika katika shule yao, mimi, mama mkwe na Zagorka. Watu walianza kuingia, wamelowa, wameshika mifuko ya hati.

Akaja mwanamke kijana, nywele zimemgandia usoni. Kifuani amebeba mtoto wa kike aliyefungwa koti la mwanamume. Aliitazama mikate iliyopangwa mezani. Aliutazama mstari mzima, mpaka mwisho. Nikaona uso wake. Uso ule niliujua.

Alikuja mpaka mbele yetu, akasita.

"Samahani," alisema kwa sauti ndogo. "Najua wengi wana shida kubwa kuliko yangu. Ila binti yangu hawezi..."

Mama mkwe alikuwa ameshageuka. Alikuwa ameinama kwenye maboksi ya nyuma, anasoma majina. Akarudi na moja, akaliweka mikononi mwa yule mama, juu ya miguu ya mtoto.

Juu yake palikuwa pameandikwa: Kalina, miaka minne, bila ngano.

Mwanamke alisoma. Akasoma tena.

"Mmejuaje?"

"Ulituambia mwenyewe mwezi wa Machi," mama mkwe akasema. "Ulikuwa unafua, ukasema huna muda wa maswali yangu, nikavuta kiti. Keti hapa, mwanangu. Mtoto ale kwanza."